Waya Mwekundu

Walikutana kwenye mlango wa lifti ya hospitali, saa ya kuona wagonjwa, watu wamebanana. Fundi wa umeme alimkanyaga dada mmoja mwenye koti jeupe juu ya gauni la kijani. Dada akamwambia kama kukanyaga ndiyo kazi yake, basi anaijua. Wakacheka. Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu, huyu akiitwa Fundi, yule Mama Vijidudu.

Kazi ya dada ilikuwa kutafuta undugu wa bakteria. Kwa darubini wote walifanana. Kwa hiyo aliwakamua vimeng'enya, vile viini vinavyowasagia chakula, akavitia kwenye jeli na kupitisha umeme. Vimeng'enya hutembea. Vya ndugu husimama pamoja, vya mgeni hupitiliza.

"Sura hudanganya, mpenzi," alimwambia Fundi. "Mimi naangalia mwendo."

Siku moja kisanduku kinachopitisha umeme kwenye jeli kiliharibika, akamwita. Fundi alitengeneza huku anamtania, macho kwenye gauni, akafunga waya mwekundu mahali pa mweusi. Jioni jeli zote zilikuwa tupu. Vimeng'enya vilirudi kinyumenyume vikamwagika kwenye maji yaliyozunguka jeli. Ilikuwa sampuli ya mwisho, kazi ya miaka miwili.

Dada aliitwa kwa mkuu wake. Fundi, aliyekuwa amekuja kumchukua, akaona kosa lake, akageuza nyaya upesi, akanyamaza. Mkuu alisema dada ni mzembe, akamshusha hadi kuosha chupa. Fundi akampa pole, akamnunulia viatu. Kisha aibu ikamzidi, akaacha kupokea simu zake.

Mwaka ulipita ndipo alipomsubiri kwenye lifti ileile. Dada alikuwa na sanduku. Amepata kazi mji mwingine.

"Nyaya nilikosea mimi," Fundi alisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Niliuona waya kabla sijaenda kwa mkuu. Niliporudi, umegeuzwa."

"Na hukunitaja?"

"Nilingoja ujitaje. Kosa ningekusamehe palepale, tena ningekucheka mpaka uzeeni. Nimengoja mwaka mzima, Fundi, mpaka mama akaniuliza nangoja nini."

"Nikuoe sasa. Nitakufuata huko."

"Umechelewa, baba."

Alimruhusu ambebee sanduku mpaka kwenye teksi, basi.

Siku hizi hakuna fundi anayekagua waya kama yeye, mara tatu tatu. Lakini si waya uliomkosesha mke.