Mbele ya Gereji ya Baba

Mteja akifika gereji kwa Fundi, hata gari lake likiwa linakohoa moshi, kwanza atasikia habari za binti.

"Binti yangu ndiye anayewatembeza wanafunzi kwenye boti ya mvuke," Fundi husema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Anawafundisha mto, historia, mpaka mashine! Mimi baba yake nafungua nati tu."

"Tumesikia, Fundi. Gari je?"

Jumamosi moja wazazi walikaribishwa kwenye safari. Fundi alivaa shati lake la sherehe. Akasugua mikono kwa sabuni nusura achubuke.

Boti ilikuwa kuukuu, lakini iling'aa. Binti alisimama mbele.

"Zamani boti hii ilibeba magunia ya pamba na barua," alisema. "Haitumii dizeli. Kuni zinachemsha maji kwenye boila. Mvuke unasukuma mashine, na mashine inazungusha gurudumu linalopiga maji na kuisogeza boti."

Fundi alimgusa mzazi mwenzake kwa kiwiko. "Yule ni wangu," alinong'ona. Boti nzima ilisikia.

Walipofika sehemu ya juu ya mto, wanafunzi walitumbukiza nyavu. Wakapata vidudu vyenye mikia mitatu.

"Hivi havipendi maji machafu," binti alieleza. "Ukivikuta, ujue mto ni mzima."

Wakati wa kurudi, walipita mbele ya mtaro unaotoka gerejini kwa Fundi. Hapo nyavu zilitoka tupu, zikiteleza kwa oili.

"Dada, oili hii inatoka wapi?" mwanafunzi aliuliza.

Binti akainamisha kichwa. Fundi alielewa. Kila jioni yeye mwenyewe alimwaga oili chafu kwenye mtaro ule.

Mara Mama Mvuke, mwendeshaji wa mashine, akatoka akijifuta jasho.

"Jamani, tunasimama! Boila inatoa povu. Nimeongeza maji ya mto hapa, kumbe yana oili. Povu linafanya kioo cha kupimia maji kidanganye. Nitadhani maji yapo, kumbe yamekwisha. Boila ikikauka motoni inaweza kupasuka. Kama mambo ni haya, safari hizi nazifunga."

Binti alimtazama Mama Mvuke, machozi yakimlengalenga. Fundi akasimama.

"Msimuulize binti yangu. Niulizeni mimi. Oili ni ya gereji yangu." Akamgeukia Mama Mvuke. "Sasa nifanyeje, mama? Niwe naimwaga ardhini?"

"La hasha! Mvua ikinyesha itarudi mtoni. Weka pipa lenye kifuniko. Usichanganye oili na maji wala petroli. Wapo wakusanyaji, wataipeleka kiwandani ikasafishwe. Ikidondoka sakafuni, nyunyizia maranda ya mbao, kisha uyazoe. Usiyafagilie mtaroni."

Jumatatu pipa lilikuwa limesimama mlangoni, limepakwa rangi nyekundu. Mafundi wa jirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Fundi, siku hizi unaweka akiba ya uchafu?"

"Chekeni tu. Mkimaliza, leteni na wa kwenu."

Walibisha, wakanuna, mwisho wakaleta. Boila ikaoshwa, na safari zikaendelea.

Mvua zikaja, zikapita. Asubuhi moja Fundi alikuwa chini ya gari aliposikia honi ya mvuke. Boti ilikuwa imesimama mbele ya mtaro, na nyavu zilikuwa majini.

"Vipo! Vina mikia mitatu!" wanafunzi walipiga kelele.

Kisha ikasikika sauti ya binti, safari hii bila kuinamisha kichwa. "Mnaiona gereji ile yenye pipa jekundu? Wa kwanza kuacha kumwaga oili mtaroni ni mwenye gereji hiyo. Na yule ni wangu. Ni baba yangu!"

Fundi alitoka mbio chini ya gari, akajigonga kichwa, akapunga spana juu.

"Fundi, gari je?" mteja aliuliza.

"Hebu subiri kwanza, ndugu yangu," alisema, macho yamemlowa. "Binti yangu ananitaja."