Malalamiko Yasiyo na Mwenyewe

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipita nyumbani kubadilisha sare, akachungulia pipa la maji, kisha akakimbilia karakana ya baba yake pale nyuma ya nyumba. Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na ndani ya karakana kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya vyuma. Siku hizi vyuma vilisukumwa pembeni, pakawekwa meza, kiti na kompyuta. Hapo ndipo dada yake mkubwa alipokuwa akipigania maisha yake.

Nasema kupigania maisha, wala sitii chumvi. Dada alikuwa mtengenezaji wa programu za simu. Kampuni iliyomwajiri ilifungwa ghafla, na tangu hapo kila alikoomba kazi aliambulia pole, au kimya kabisa. Alipochoka kuomba, akaamua kutengeneza programu yake mwenyewe, ya kuwafaa watu mpaka wakubali kuilipia. Lakini programu ya nini? Hapo ndipo alipokwama.

"Watu wenyewe watatuambia," alimweleza Chiriku siku walipoanza. "Fungua kundi la mtaa mtandaoni. Unaona nini?"

"Kelele tupu! Huyu analalamikia takataka, huyu vumbi, yule anamtukana jirani."

"Basi hizo kelele ndizo ninazozitafuta. Mtu mpaka aandike mbele ya mtaa mzima, ujue jambo limemkera kweli. Tunayakusanya malalamiko, tunaipa akili mnemba iyasome na kuyapanga. Itatuonyesha lipi linawauma wengi, na lipi linaweza kutatuliwa kwa programu. Nikiyasoma peke yangu nitazeeka kwenye kiti hiki."

Kazi ya Chiriku ilikuwa kunakili malalamiko, kufuta majina na namba za simu ili siri za watu zisitoke, na kuyabandika kwenye faili la dada. Ilikuwa kazi ya kuchosha, asikudanganye mtu. Watu wenye hasira hawaandiki kama vitabuni. Huyu anaandika maneno marefu yasiyo na nukta, yule anaanzia katikati ya ugomvi, na mwingine anatukana mpaka anasahau alichotaka kusema.

Jioni moja, wakiwa mezani, baba alikohoa kidogo. Familia nzima ilikijua kikohozi hicho.

"Mwanangu, nimeongea na mjomba wenu," alimwambia dada. "Kile kiwanda chao cha chupa kina nafasi. Ni mbali, najua, lakini kazi ni kazi. Shule zikifungwa, kama bado hakuna anayeitumia hiyo programu yako, utakwenda kwa mjomba."

"Baba, niongeze muda kidogo tu."

"Nimeshakuongeza, mama. Sina roho mbaya. Naona unavyokonda."

"Sawa, baba," dada alijibu, akasogeza sahani pembeni.

Mama, ambaye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na kuondoka nyumbani alfajiri, alisema neno lake la kila siku: "Na leo maji yamepita tena hatuna habari. Pipa kavu." Hakuna aliyemjibu. Chiriku alikuwa akimtazama dada yake. Walilala kitanda kimoja tangu akiwa mdogo. Dada ndiye aliyemsuka, ndiye aliyemfundisha hesabu. 

Ungedhani tangu hapo angefanya kazi kwa bidii. Thubutu! Wiki hiyohiyo alichaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete, na mazoezi yalikuwa saa zilezile za kunakili.

"Unakuja, huji?" rafiki yake alimwita dirishani, mpira kwapani. "Mwalimu amesema atakayechelewa anatolewa."

"Nakuja! Nimalizie kidogo."

Lakini hakukuwa na kidogo. Malalamiko yalikuwa marefu mpaka basi. Chiriku alitazama mlango, akatazama kompyuta, na shetani akampitia. Akaiandikia akili mnemba: "Niandikie malalamiko mengi ya watu wa mtaani, kama haya niliyobandika." Kufumba na kufumbua, yakamwagika kwenye kioo, safi, yenye nukta na mkato kila panapostahili. Akayanakili yote, akayaweka kwenye faili la dada, akatoka mbio. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zilizofuata. Alijiona mjanja kweli.

Dada alipoipa akili mnemba faili lile, jibu lilikuja bila kusitasita. Watu wengi, lilisema, wanakerwa na kutojua nguo walizopeleka kwa dobi zimefikia wapi.

"Dobi!" dada alipiga meza kwa furaha. "Nani angedhani? Mdogo wangu, umeniokoa!"

Akamkumbatia. Chiriku akatabasamu kwa shida, maana alijua hayo ya dobi yalikotoka. Huenda ni kweli, alijiambia. Huenda wapo wanaokerwa na dobi. Akanyamaza, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza.

Dada alifanya kazi kama aliyepagawa. Chai ilipoa mezani, macho yakawa mekundu, na cheche za baba zikirukaruka nje ya mlango hakuziona. Programu ilipokamilika, alivaa gauni lake zuri, akamchukua Chiriku, wakaenda kwa dobi wa mtaa.

Dobi alisikiliza mpaka mwisho, pasi mkononi. Kisha akacheka.

"Dada yangu, nguo za mteja ziko pale kwenye kamba. Akipita anaziona. Sasa nimtumie ujumbe kumwambia nini, kwamba shati lake linapepea?"

Dobi wa pili naye alicheka. Wa tatu hakucheka, aliwaonea huruma, na hilo liliuma zaidi. Dada akaanza kuwasimamisha wapita njia. "Samahani mama, umewahi kukerwa na dobi?" Mama mmoja alimtazama juu mpaka chini na kumwambia nguo zake anafua mwenyewe, tena kwa mikono yake miwili. Jua likawawakia kichwani, na dada bado anauliza, sauti ikizidi kufifia.

Walirudi nyumbani. Dada alijilaza, akageukia ukuta. Siku ya pili alishuka kitandani akatoa begi uvunguni, akaanza kukunja nguo. Zilibaki siku chache tu shule zifungwe, na baba alikuwa ameshampigia mjomba.

"Nimefanya kosa gani?" dada alisema, akiongea na begi zaidi ya mtu. "Nimeyasoma mwenyewe yale malalamiko ya dobi. Yote yameandikwa vizuri. Hakuna hata mmoja aliyetukana. Chiriku, uliyatoa wapi?"

"Kwenye kundi la mtaa," Chiriku alijibu haraka.

Dada alifungua simu, akatafuta. Akatafuta tena. "Siyaoni. Nimesahau hata kutafuta? Labda baba yuko sahihi. Labda hii kazi siiwezi, nilikuwa najidanganya tu."

Akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa gauni lile zuri, akalia. Chiriku alivumilia, akashindwa. Kumwona dada yake akijilaumu kwa jambo asilolitenda kulimchoma kuliko adhabu yoyote.

"Dada, hayapo. Hayakuandikwa na mtu. Nilikuwa nataka kwenda mazoezini, nikaiambia mashine iyatunge."

Dada aliinua uso taratibu.

"Unasema nini?"

"Iliyatunga. Na hili la kundi la mtaa nimekudanganya sasa hivi. Nisamehe, dada!"

"Yaani imepika yenyewe, ikaonja yenyewe, ikajisifu yenyewe!" Dada alisimama. "Na mimi nikazunguka juani, nikichekwa na watu! Unajua nilikuwa nimebakiwa na nini? Muda tu. Nawe umeuchezea mpira!"

Baba alisikia kelele, akaja na miwani ya kuchomelea kichwani. Alipoelezwa, hakufoka. Alimtazama Chiriku kwa muda, naye Chiriku alitamani afoke.

"Yale ya kweli bado yapo?" baba aliuliza.

"Yapo kwenye kundi," Chiriku alijibu kwa kwikwi.

"Basi kesho ni Jumamosi. Hakuna mpira. Utayasoma yote kwa sauti mbele ya dada yako, neno kwa neno, ukinakili."

Asubuhi Chiriku alianza kusoma. Alisoma vumbi, akasoma takataka, akasoma mbuzi wa jirani. Baba alikuwa akipiga nyundo nje ya mlango, na kila matusi yalipokaribia alipaza sauti, "Hilo ruka!" hata dada, aliyekuwa amenuna, akacheka bila kupenda. Walipomaliza, dada aliipa akili mnemba malalamiko yale halisi. Ikajibu kwamba linalowauma wengi ni uhaba wa maji.

Dada alishika tama. "Kwisha habari. Programu haitoi maji."

"Lakini dada," Chiriku alisema, sauti imekauka kwa kusoma, "wengi hawasemi maji hakuna. Yule wa kwanza kasema alikuta yameshapita. Yule mwenye hasira kasema alishinda nyumbani kuyasubiri, akakosa kibarua, na hayakuja. Ni kama mama. Mama kila siku anasema yamepita hatuna habari."

Dada alimgeukia. Kisha akaigeukia kompyuta, akaiagiza itenganishe wanaosema maji hayatoki kabisa na wanaosema hawajui yatatoka saa ngapi. Hawa wa pili walikuwa wengi mno. Dada hakushangilia safari hii. "Twende tukaulize kwanza," alisema, akavaa kandambili.

Mfungua maji, yule anayeifungulia mitaa maji kwa zamu, walimkuta kwenye koki kubwa, simu yake ikilia mfululizo.

"Ratiba haiwezekani," alisema kabla hawajauliza. "Pampu inategemea umeme, nami najua dakika ninayofungua tu. Watu wananipigia mpaka nashindwa kula!"

"Je, ukibonyeza jina la mtaa mara moja tu unapofungua, na kila nyumba ikapata ujumbe?"

Mfungua maji aliizima simu iliyokuwa ikilia. "Hebu rudia hapo," alisema.

Dada alichukua ile programu ya dobi, akabomoa hapa, akajenga pale, akaingiza namba za simu za nyumba za mtaa. Siku ya kufunga shule ilifika programu ikiwa haijajaribiwa, na begi limesimama mlangoni. Baba alikuwa nje akichomelea geti, shingo imeinama. Mara simu mfukoni mwake ikalia. Akavua miwani, akasoma: "Maji yamefunguliwa mtaani kwako sasa."

"Loo!" Baba alitupa glovu, akashika ndoo huku na huku, akakimbia nyumbani na aproni yake nzito. Milango ya majirani nayo ilikuwa ikifunguka, watu wanaitana. Bomba likakohoa, likatapika kutu, kisha maji. Baba alijaza pipa mpaka likafurika miguuni mwake. Hapo ndipo alipompigia mjomba.

"Shemeji, ile nafasi mpe mtu mwingine. Huku kuna kazi."

Kamati ya maji ya mtaa, ndiyo iliyomwajiri mfungua maji, iliijaribu programu kipindi chote cha likizo, kisha ikakubali kuilipia. Siku ile ya kwanza, mama aliporudi na kulikuta pipa limejaa, aliketi pembeni yake, akachovya mikono yote miwili.

Jioni hiyo baba alimwita Chiriku karibu. "Ile mashine haikukosea, ilifanya ulichoiagiza. Kosa ni lako, na umelikiri, nami nimesamehe. Lakini shika hili, mwanangu. Mtu anapolalamika anakuonyesha kidonda chake. Ukimtungia maneno asiyoyasema, unamtibu mtu asiyekuwepo, na mgonjwa halisi anabaki kuteseka. Huyo mgonjwa alikuwa mama yako, humu humu ndani."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akarudi kwenye kile chumba cha karakana, kwa kuwa kwenye kundi la mtaa lilikuwa limeingia lalamiko jipya, nalo lilihusu programu yao. Mtu mmoja alisema ujumbe umekuja akiwa ameshajipaka sabuni usoni, tena aliyeubuni hana adabu hata kidogo. Hakukuwa na nukta popote.

Chiriku alifuta jina la mwandishi. Yaliyobaki akayanakili neno kwa neno, na matusi yake yote.