Nyanya za Marehemu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchomelea mageti, fundi alimwagilia miche kumi na miwili ya nyanya nyuma ya nyumba. Ilitokana na mbegu za mwisho alizoacha marehemu mkewe. Alitamani izae upesi. Basi, kimyakimya, akaweka mbolea ya chumvichumvi konzi mbili kila shina.

Siku ya tatu majani yakalegea kama nguo zilizoloa.

Hasira zikampanda. Jirani yake, mtunza maabara ya shule, watu walimwita Bi Hadubini. Fundi akamfuata bombani, mbele ya foleni ya ndoo.

"Umemwaga maji yako ya sabuni, umeniulia nyanya za mke wangu! Una roho mbaya!"

Bi Hadubini akatua ndoo. "Shemeji, marehemu alikuwa kama dada yangu. Wewe uliziwekea nini?"

"Maji tu!"

"Baba," binti wa fundi, aliyekuwa kwenye foleni, akasema taratibu, "na ule mfuko mtupu wa mbolea uvunguni?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mchana alikwenda maabara ya shule akiburuta miguu, kumwomba Bi Hadubini msaada. Bi Hadubini akabandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, akaiweka kwenye hadubini.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Vyumba vyumba, kama matofali. Vyekundu."

"Kila chumba ni seli. Kitunguu, nyanya, mimi na wewe, sote tumejengwa kwa seli. Seli ya mmea ina ukuta nje, na utando ndani ya ukuta. Kile kidoa hafifu ni kiini, kinachoongoza kazi. Huo wekundu ni mfuko wa maji. Ukijaa, seli inakaza na mmea unasimama."

Akadondosha maji ya chumvi. Wakasubiri kidogo.

"Aisee! Wekundu unanywea! Umebanduka ukutani!"

"Chumvi ya nje imeyavuta maji. Mbolea nayo ni chumvi. Ikizidi, maji hutoka kwenye seli za mizizi. Nyanya zako zina kiu, na udongo umelowa."

Fundi hakuinua uso. "Kumbe ni mimi."

"Ni wewe, shemeji. Ondoa mbolea inayoonekana. Kisha mwagilia maji mengi, yaishushe chumvi chini. Ila seli iliyokufa hairudi."

Fundi akafanya hivyo. Miche saba ikasimama tena. Mitano aliing'oa mwenyewe.

Kisha akaenda bombani. "Nilimsingizia jirani. Mkosaji ni mimi."

"Paza sauti, ndoo za nyuma hazijasikia!" mzee mmoja akatania.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Nyanya za kwanza zilipoiva, alimpelekea Bi Hadubini bakuli, macho chini. Juu yake kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa.

"Na hiki?"

"Mbegu za nyanya hizi. Nusu nimebaki nazo, nusu ni zako. Nikikosea tena, zisiishie mikononi mwangu."