Nilimwambia Rafiki Yangu Macho Yake Yanakufa

Nilimwambia rafiki yangu wa tangu utotoni kwamba macho yake yameanza kufa. Nilijua kabisa nasema uongo.

Naomba usinitukane bado. Soma kwanza mpaka chini, halafu uwanja wako.

Mimi naitwa Esben. Nauza televisheni na skrini kwenye duka moja hapa Esbjerg, mji wa bandari Denmark. Rafiki yangu ni Troels, tumesoma naye tangu darasa la kwanza, na kazi yake ni kuendesha kreni bandarini. Ananyanyua yale mapanga ya mitambo ya upepo, moja lina urefu unaokaribia kiwanja cha mpira, na chini yake wanapita watu.

Mwaka jana mwezi wa pili akanipigia. TV ya sebuleni mkewe Maiken ameshaiteka, sasa anataka monita aiweke chumba cha juu, acheze gemu zake kwa amani.

"Wewe ndiye mtaalamu, nichagulie. Hizo namba zenu mimi zinanichosha."

Namba zenyewe wala si ngumu. 1080 ni picha ya kawaida, 1440 ni ya kati, 4K ndiyo kali kuliko zote. Watu wa kompyuta wanaipenda sana hiyo ya kati. Ila mashine ya gemu ya Troels ni toleo la zamani, inajua kutoa 1080 au 4K tu. Ukiichomeka kwenye skrini ya 1440 inatuma ile picha ya kawaida, halafu skrini inaivuta ili ijae. Inatoka na ukungu, kama unaangalia nje kupitia dirisha la jikoni wakati viazi vinachemka.

Kwa hiyo jibu lilikuwa moja: 4K. Na dukani ilikuwa imebaki moja tu, ya ofa.

Nikamwambia, "Nimeshakuwekea."

Halafu wakati wa kufunga duka nikaiwasha kidogo, nijaribu tu...

Jamani, ile picha! Niliona hadi nyuzi za jezi ya mchezaji. Nikajiambia Troels hata hatajua tofauti. Nikaibeba mpaka kwangu.

Yeye nikampelekea ya 1440, imefungwa vizuri, na nikamwambia hiyo ndiyo yenyewe kwa gemu, hata mimi ningekuwa nanunua ningechukua hiyo. Akanikumbatia mlangoni. Sikulala na deni lolote moyoni usiku ule, nakiri.

Wiki haikuisha, simu ikaita.

"Esben, mbona picha ina ukungu? Maandishi madogo siyasomi. Hebu nipite kwako leo nione yako inavyoonyesha."



Sisi huku hatutembeleani hivyo. Ukitaka kwenda kwa mtu unapanga naye wiki tatu kabla, kila mmoja na kalenda yake mkononi. Nilikuwa nimeitegemea kalenda inikinge. Sasa Troels anasema anapita leo, na skrini yake iko mezani kwangu.

Nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Skrini haina shida, bwana. Unakaribia arobaini wewe. Hayo ni macho. Kapimwe, usifanye mchezo, na kazi yako hiyo ya kreni."

Akauliza kwa sauti ya chini.

"Unasema kweli?"

"Baba yangu alianza hivyo hivyo."

Baba yangu mpaka leo anasoma gazeti bila miwani.

Troels hakuja. Kesho yake alikwenda duka la miwani, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimepona. Nilidhani watamwambia yuko sawa, atacheka, atazoea ukungu wake, basi.

Alasiri Maiken akanipigia analia. Mpimaji wa miwani alipomwangalia ndani ya jicho la kulia alisimama, akapiga simu hospitali palepale. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umeanza kuchanika, pembeni kabisa, mahali ambapo mtu hahisi chochote. Angekaa wiki chache zaidi, jicho lingekwenda.

"Daktari anashangaa uligunduaje, Esben. Anasema hii haina dalili. Umemwokoa mume wangu."

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Maneno yalikuwa mdomoni... nikayameza.

Nikamwambia, "Cha muhimu yuko mikononi mwa wataalamu, shemeji."

Walimfanyia upasuaji, ukaenda vizuri. Nikawa shujaa wa ukoo wa watu. Mama yake Troels alinitumia keki dukani. Wenzake wa bandarini wakiniona kwenye foleni ya mkate wananipiga bega. Na mimi nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyote, kwamba nilizoea. Kuna siku nilimsimulia mteja habari hiyo mwenyewe, nikajisifu kabisa, nikauza.

Mwezi wa tano Troels akaniandikia ujumbe. Vipimo vyote safi, lakini akikaa kucheza bado anaona ukungu ule ule. Akaniuliza, "Wewe unaonaje? Baba yako ilikuwaje?"

Msomaji, ningeweza kumjibu kwa maneno matatu. Ni skrini hiyo.

Nikaandika: "Jicho linapona polepole. Vumilia."

Ule uongo wa kwanza ulinitoka kwa hofu. Huu wa pili niliuandika, nikausoma, nikautuma.

Mwezi wa sita Troels akatimiza arobaini. Sherehe Jumamosi mchana, ukumbi wa kijiji alikozaliwa mama yake, bendera ndogo mezani, nguruwe wa kuoka na sosi ya kahawia. Mshereheshaji alikuwa Lone, dada yake Maiken, na ratiba yake mkononi. Kwetu hotuba unaiandikisha mapema. Mtu haibuki tu akasema, na anayesema hakatizwi.

Baada ya nyama Lone akagawa karatasi za wimbo. Kila sherehe lazima familia imtungie mwenye siku yake wimbo, kwa sauti ya wimbo wa watoto, na wote mnaimba. Ubeti wa nne ulikuwa wangu.

*Esben kaona mbali kuliko madaktari,*
*akamwambia Troels jicho liko hatari.*

Watu sitini wanaimba, wananigeukia, wananyanyua glasi. Nami nina karatasi mkononi, kwa hiyo niliimba. Nilijiimbia sifa zangu mwenyewe hadi mwisho wa ubeti.

Troels akagonga glasi yake, akasimama. Alishukuru mama, alishukuru mkewe. Alinishukuru mimi. Halafu akaikunja karatasi yake.

Akasema ana jambo ambalo hajamwambia mtu, hata Maiken. Likizo ya ugonjwa inaisha, na Jumatatu anakwenda kuirudisha leseni ya kreni.

"Madaktari wanasema nimepona. Lakini ukungu ule ule ulionipeleka kwao bado upo, kila jioni naukuta palepale. Siwezi kuning'iniza tani thelathini juu ya vichwa vyenu huku jicho linanidanganya. Nikiua mtu nitasema nini?"

Wenzake wawili wa bandarini wakainamisha vichwa. Maiken alikuwa ameshika mdomo. Miaka kumi na sita mtu yuko juu ya ile kreni, hajui kazi nyingine na wala haitaki.

Na watu wote ukumbini walikuwa wanasikitikia jicho zima.

Nilisimama. Lone akaninong'oneza kwa ukali kwamba sipo kwenye ratiba. Nikamwambia najua.

"Troels, jicho lako halina kitu. Ni skrini."

Hakuelewa, nikalazimika kueleza. Jaribu kuwaeleza watu waliovaa suti na bendera mezani habari za 1080 na 1440. Nikasema mashine yake na skrini niliyompa haziendani, na nilijua siku nampa. Nikasema ile aliyostahili iko kwangu. Nikasema sikuwahi kuona ugonjwa wowote, nilimtuma duka la miwani ili asije kwangu akaikuta. Na mwezi wa tano nilipoulizwa tena, nikadanganya tena.

Mama yake Troels alikuwa bado ameshika karatasi ya wimbo.

Troels akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo jicho langu zima?"

"Zima."

Akakaa. Akajifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka, maana Maiken alishafika mbele yangu na koti langu mkononi.

"Shemeji, vaa koti lako," akasema taratibu sana.

Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Asubuhi yake nikamwandikia naomba nilete skrini. Akajibu: "Saa nne." Nikafika saa nne kamili. Tukapanda juu. Nikaing'oa ya kwanza, nikafunga ya 4K, nikaingia kwenye mipangilio ya mashine nikachagua picha inayolingana nayo. Kazi ya dakika tano. Miezi minne ya hofu ya mtu ilikuwa inahitaji dakika tano zangu.

Troels akakaa, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Akasoma kwa sauti yale maandishi madogo ya pembeni, mstari mmoja, mwingine, mwingine. Alisoma mpaka ya chini kabisa, ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Halafu akageuka.

"Bila uongo wako ningekuwa kipofu wa jicho moja. Hilo nalijua, nitalijua maisha yangu yote. Lakini niliamka kila usiku naziba jicho, nalifungua, naziba, Maiken amelala pembeni. Na wewe nilikuuliza, Esben. Nilikuuliza wewe."

"Nisamehe."

"Nenda nyumbani kwanza."

Jumatatu alikwenda bandarini na hakurudisha leseni. Nikiwa naegesha gari dukani huwa naiona kreni yake kwa mbali, na mzigo unashuka polepole, bila kuyumba. Tangu siku ile hajanipigia simu. Mwaka huu alifikisha arobaini na moja, na mwaliko haukuja.

Ninaowasimulia hunifariji. Wanasema, lakini si ulimwokoa? Hapana. Aliyemwokoa ni yule mpimaji wa miwani aliyefanya kazi yake bila kulipua. Mimi nilikuwa nalinda skrini.

Kwa hiyo kama unanunua monita ya gemu, angalia kwanza mashine yako inatoa picha gani, ndipo uchague skrini. Hilo nakwambia kama muuzaji.

Na kama umewahi kumdanganya mtu wako, halafu kwa bahati uongo ukamletea heri, usiivae hiyo heri ukatembea nayo mjini. Mwambie leo. Yeye alichukua neno lako akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe.

Haya. Sasa uwanja ni wako.