Migomba ya Bibi Aika na Waifai ya Bandani

Ukifika Uru, ukishalipita kanisa na kuanza kushuka, utanusa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kabla hujaona kibao. Hapo ndipo kwa Bernadetha, ambaye wengi wanamwita Mama Eva. Mgahawa wake una ukumbi mdogo mbele na jiko katikati. Nyuma, ndani ya migomba ya mama mkwe wake, Bibi Aika, kuna banda kubwa la mbao. Wateja wanalipenda banda lile. Kuna kivuli, na maji ya mfereji yanapita karibu.

Lakini bandani waifai ilikuwa haifiki. Mteja anayetaka kutuma picha ya sahani yake ya kiburu alilazimika kuinuka aende ukumbini. Akirudi, chakula kimepoa. Bernadetha aliona aibu, lakini aibu hiyo alishaizoea.

Kilichomnyima raha ni jambo jingine. Shemeji yake Lucky, kitindamimba wa Bibi Aika, anaishi Kanada. Desemba tatu zilipita bila yeye kuja nyumbani. Kwa Wachagga, ambao kila Desemba hurudi kwao, hilo si jambo dogo, na mama yake alinuna kweli kweli. Mwezi wa kumi na moja, Bibi akiwa bandani anachambua maharage, Lucky alipiga simu ya video. Alisema, "Mama, nilitaka kukuambia kwamba..." Hapo hapo sura yake ikaganda. Kisha ikapotea.

"Amenikatia," Bibi alisema, akamrudishia Bernadetha simu.

Walimweleza kwamba ni mtandao. Hakuelewa, na wala hakutaka kuelewa.

Sasa kikao cha ukoo kilipangwa tarehe ishirini na saba Desemba, pale pale bandani. Lucky aliomba ahudhurie kwa video, amwombe mama yake radhi mbele ya ukoo wote. Bibi alikubali kwa shingo upande. Akasema akikatiwa tena, asiletewe simu ya mtu huyo maisha yake yote.

Bernadetha hakukaa bure. Alikwenda Moshi mjini akanunua rauta ya pili, kile kiboksi kinachorusha waifai. Akaiweka juu ya kabati la ukumbini karibu na friji, ubavuni mwa ile ya kwanza, kusudi zisaidiane. Wapi! Bandani hali ilikuwa ile ile. Mteja mmoja akamwambia migomba ndiyo inayozuia. Basi kesho yake asubuhi Bernadetha akachukua panga, akasimama mbele ya migomba mitatu aina ya mshare iliyo kati ya ukumbi na banda.

"Mama Eva," sauti ikasikika nyuma yake, "huo mgomba umekukosea nini?"

Alikuwa Bibi Aika, na ndoo yake mkononi. Bernadetha akalishusha panga. Mshare ambao haujazaa haukatwi, hilo hata mtoto wa Uru analijua.

"Nilitaka mtandao upite, mama."

"Upite pembeni, kama watu wenye adabu."

Siku hiyo hiyo Bernadetha akampigia Stella, fundi wa mitandao anayeishi Shirimatunda. Stella alifika akamwamkia Bibi shikamoo, kisha akaomba karatasi na kalamu. Bernadetha alishangaa. Alitegemea ataombwa ngazi.

"Ngazi ni ya mwisho, mama," Stella alisema. "Kwanza tunapanga."

Akachora ukumbi, jiko, migomba na banda. Akauliza watu wanakaa wapi, na siku yenye wageni wengi wanafika wangapi. Halafu akatembea na simu yake kutoka meza hadi meza, akipima nguvu ya mtandao na kuiandika kwenye mchoro. Ukumbini ilikuwa nzuri. Nyuma ya jiko ilishuka. Bandani, pale anapopenda kukaa Bibi, ilikuwa karibu na sifuri.

Akaokota kipande cha shina la mgomba uliokwisha vunwa, akakiminya. Maji yakachuruzika.

"Mmeona? Mawimbi ya waifai yanachoka yakipita kwenye maji, na mgomba umejaa maji. Kuta za jikoni nazo zinayachosha, na bati na friji pia."

Bernadetha akauliza, kwa nini basi rauta mbili hazikusaidia? Stella akamuuliza kama taa mbili zikiwashwa sebuleni zitamulika bandani. Bernadetha akacheka mwenyewe.

"Taa ipeleke kule kwenye giza," Stella alisema. "Waya hauchoshwi na migomba. Tutavuta waya kutoka kwenye rauta mpaka bandani, na huko tutafunga kisambaza waifai. Hauzidi mita mia moja, kwa hiyo utafanya kazi vizuri. Na Bibi yuko sahihi, utapita pembeni."

Bibi Aika alikohoa kidogo, akajifanya hajasikia. Lakini mtaro ulipoanza kuchimbwa kando ya njia, yeye ndiye aliyesimamia, akionyesha kila mzizi usioguswa. Waya ukalazwa ndani ya bomba la plastiki, panya wasiutafune. Kisambaza waifai kikafungwa juu, katikati ya dari ya banda. Rauta ya ukumbini ikaondolewa ubavuni mwa friji, ikainuliwa ukutani. Ile ya pili ikarudishwa dukani. Stella akavipa vifaa vyote viwili jina moja, ili simu ihame yenyewe mtu akitembea. Lakini kila kimoja alikipa njia yake ya mawimbi, visije vikavurugana kama kwaya mbili zinazoimba pamoja nyimbo tofauti. Wageni akawawekea mtandao wao na neno lao la siri, mbali na ule wa mashine ya risiti.

Mwisho akaweka betri ya akiba kwenye rauta. Alieleza kwamba kisambazaji kinapata umeme kupitia waya ule ule, kwa hiyo betri moja inatosha vyote viwili. Kabla ya kuondoka akakaa kwenye kiti cha Bibi, akapiga simu ya video. Haikukatika.

Tarehe ishirini na saba ukoo ulijaa bandani. Simu ya Bernadetha iliwekwa mezani, na picha yake ikaonekana kwenye televisheni kubwa. Lucky alitokea amevaa koti zito. Akasalimia wakubwa wote. Kisha akasema, "Mama, naomba..."

Umeme ukakatika. Televisheni ikawa nyeusi. Bibi Aika akaanza kuinuka kitini. Bernadetha alitamani ardhi immeze.

"Mama?" Sauti ilitoka mezani, kwenye simu. "Mama, bado nipo. Sijakata."

Bibi akasimama pale alipokuwa.

"Naomba unisamehe. Niliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu."

Bibi akaiinua simu, akamtazama mwanawe karibu kabisa. "Nani alikuomba mikono? Nilikuomba wewe."

Wenseslaus, mume wa Bernadetha, akasogea na jani la isale alilolikata kihambani, shamba lile la migomba, kwa niaba ya mdogo wake. Uchaggani anayeombwa radhi kwa isale hakatai. Bibi akalipokea. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akakaa tena, simu mkononi.

"Sasa usikate," alisema. "Nina maneno ya miaka mitatu."

Mtori ulipoa siku hiyo, na Bernadetha hakujali hata kidogo.

Leo wateja wanakaa bandani mpaka wanachoka wenyewe. Wenye migahawa wengine wanakuja kumuuliza Bernadetha wanunue kifaa gani, naye anawaambia waanze na karatasi na kalamu. Mishare mitatu imeshazaa. Na neno la siri la wageni, alilolichagua Bibi Aika mwenyewe, limebandikwa kwenye nguzo: usikatemgomba. Anayetaka mtandao pale, lazima aliandike kwanza.