Mahari ya Kwenye Printa

Printa ya Anneth ilianza na ukorofi mdogo tu: kadi ilitoka ikinuka ngozi mbichi ya ng'ombe. Anneth aliinusa, akacheka. Steshenari yake pale Rulenge ilipakana na bucha, basi akamsingizia mwenye bucha.

Lakini kadi yenyewe sasa! Ilikuwa ya harusi yake, Jumamosi hiyo, na alimpenda huyo Danstan wake, usiseme. Kwenye kioo cha kompyuta yalisomeka majina yote mawili. Kwenye karatasi alikuwapo Anneth peke yake, na palipotakiwa jina la bwana harusi pako peupe. Akachapa tena. Vilevile. Akachomoa waya wa printa, akauchomeka, akachapa. Vilevile jamani, na ile harufu sasa ilikuwa vidoleni mwake.

Akaona bora amwite fundi. Alifika kizingitini, akainua mguu, akajikuta ameketi kwenye kiti chake. Akainuka mbio. Akajikuta ameketi. Nje jua linawaka, watu wanapita na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli, na yeye yumo ndani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Shangazi yake, Febronia, alipokuja kuchukua kadi alimkuta analia.

"Shikamoo shangazi. Nitoe humu!"

"Marahaba. Nani kakufungia, na mlango uko wazi?"

Akamshika mkono, akavuta. Febronia alitoka nje na kipande cha mkono wa gauni tu. Akarudi ndani taratibu, sauti imemshuka.

"Leo nani aliingia humu?"

"Mzee mmoja, asubuhi, mvua inanyesha. Viatu vyake vikavu. Alileta flashi yenye picha ya ng'ombe mweupe, kafungwa uani. Akasema, 'Nimeleta mahari. Unapokea?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikajua ni wale wenzetu wa kuchanganya herufi ele na ere, anataka kusema mahali, yaani huo ua wa kwenye picha. Nikamwambia, 'Napokea mzee, tena mahali pazuri.' Nikamchapia. Kugeuka, hayupo, picha kaiacha."

Febronia akashika kichwa. "Yesu na Maria! Umezoea kutusahihisha sisi kichwani mwako. Yule hakukosea herufi, mwanangu. Amekutolea mahari, na umeipokea kwa mdomo wako."

"Sasa nifanyeje?"

"Irudi. Mahari ikirudi, umeachika."

Akachomoa waya wa printa, akauzungusha mkononi. Akaichukua ile picha, akaiwasha kiberiti pale mlangoni, akinong'ona kwa Kihangaza kwamba mwenye ng'ombe achukue ng'ombe wake, binti huyu ana mwenyewe. Harufu ikakatika. Anneth akasogea, akavusha mguu mmoja, akahisi joto la jua kwenye unyayo, akaanza kulitaja jina la Danstan kwa furaha, na hapo hapo nyuma yake printa isiyo na waya ikaguna, ikavuta karatasi, ikaitema polepole, mstari kwa mstari, na kabla hajamaliza jina la mchumba wake alikuwa ameketi tena kitini, picha iko mapajani.

Ng'ombe yuleyule. Chini yake ndama, bado ana maji ya uzazi, ananyonya.

"Shangazi, na hii ichome!"

Febronia alikuwa anarudi nyuma kuelekea nje.

"Ng'ombe akishazaa kwetu," alisema, "mahari hairudi tena."

Anneth hakumsikia. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, maana ndani yake kitu kidogo, chenye kwato, kilimpiga teke.