Sibonyezi, Shangazi

Kila asubuhi ya likizo ile, nikishakamua ng'ombe na kunywa chai, nilipanda gari la shangazi Magreth, tukashuka kutoka Machame hadi Moshi mjini. Shangazi ana kampuni ya kupeleka wageni mlimani. Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi, kuchemsha chai, kisha kukaa mbele ya kompyuta na kupanga barua pepe za zamani. Wenzangu wa darasa la sita walinicheka. "Elifuraha, unapanga barua za watu waliokwisha kwenda kwao?" Waache wacheke. Kompyuta naijua, na sikuzaliwa ili nimfurahishe kila mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyingi, maana shangazi alikuwa hafuti kitu. Picha za hati za kusafiria, vyeti vya daktari, salamu za shukrani, hata matangazo ya mahema, vyote vilirundikana mle tangu kampuni ilipoanza. Kikasha cha barua kilikuwa karibu kujaa. Nilipomshauri tuweke kanuni ya kitu gani kitunzwe na kwa muda gani, alinijibu, "Akiba haiozi, mwanangu. Acha vikae." Basi vikakaa.

Siku moja ikaja barua kutoka ofisi inayotoa vibali vya waongoza watalii. Mgeni mmoja aliyepanda mlima mwaka juzi alikuwa amelalamika. Alisema aliugua njiani, na mwongoza watalii wake akamlazimisha kuendelea kupanda mpaka akazimia na kushushwa kwa machela. Mwongoza watalii huyo alikuwa mjomba Eliezeri, jirani yetu. Ofisi ilitaka mawasiliano yote ya safari ile. Akionekana ana hatia, kibali chake kingefutwa, na asingepanda tena mlima ule ambao ndio kazi yake tangu ujana.

Nilikasirika. Mjomba Eliezeri amlazimishe mgonjwa? Mtu ambaye hata kuku akivuka njia anamsubiri apite! Nikaanza kutafuta kwenye barua za zamani, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazipanga kwa safari, sikuchukua muda.

"Shangazi, njoo uone! Mjomba Eliezeri amepona!"

Shangazi akaja huku ameshika kikombe. Barua ya kwanza ilikuwa ya mjomba, ameiandika kambini kwa simu yake: "Mgeni anatapika na anayumba. Naomba ruhusa nimshushe." Chini yake lilikuwa jibu la ofisi yetu: "Mpe dawa, mwendelee. Mgeni amekuja kwa ajili ya kilele." Jibu lile lilikuwa na jina mwishoni. Magreth.

Kwa kweli, nilikuwa nimeliona jina la mjomba tu. La shangazi nililisoma wakati ule ule alipolisoma yeye. Aliweka kikombe mezani, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Alipotoka, alikuwa na sauti ya mkutanoni. "Elifuraha, ulisema tuweke kanuni, sivyo? Umesema kweli. Ofisi zote kubwa zinazo. Kuanzia leo, barua ya safari iliyopita mwaka mmoja haikai humu. Mgomba ukishazaa, unakatwa. Iambie kompyuta ifute yenyewe."

"Zote?"

"Zote. Kwani ukiacha migomba iliyozaa isimame, shamba litakuwa shamba?"

Ee, jamani! Mgomba uliozaa hukatwa, hilo mtoto yeyote wa Machame analijua. Lakini nani hukata shamba zima siku ile ile anapoulizwa ndizi zimekwenda wapi? Nilifungua mahali pa kuweka kanuni, nikaandika mwaka mmoja kama alivyosema. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika, maana vikifutwa havitarudi. Mkono wangu ukagoma.

"Bonyeza," akasema shangazi.

"Sibonyezi, Shangazi."

"Umesemaje?"

"Nimesema sibonyezi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na kuku wake mwenyewe. "Wewe mtoto! Mimi ndiye niliyekununulia sare. Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Leo unanipandia kichwani?"

"Shikamoo yako nakupa kila asubuhi, na nitaendelea kukupa," nikasema. "Ukiniambia nifagie, nafagia. Ukiniambia nichemshe chai, nachemsha. Hili ni kumzika mjomba Eliezeri akiwa hai, na silifanyi."

"Ni kanuni ya ofisi!"

"Jana haikuwepo! Jana akiba ilikuwa haiozi. Imeoza leo, baada ya kuulizwa?"

"Basi rudi Machame ukakate majani ya ng'ombe!"

"Nitakata. Na sibonyezi."

Shangazi akanisogeza kando, akashika kipanya mwenyewe. Machozi yalinitoka, ya hasira si ya woga. Nikasema jambo lililonijia kinywani bila kulipanga. "Shangazi, mtu akiitwa kwenye baraza kwa kesi ya mpaka wa kihamba, halafu akaenda kung'oa masale, wazee wanasemaje?"

Kila mtu kwetu anajua jibu. Masale ndiyo mimea inayoonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia. Siku za kawaida unaweza kuipunguza matawi, unaweza hata kukubaliana na jirani mkaihamisha. Kesi ikishaanza, hakuna anayeigusa. Atakayeing'oa amejishtaki mwenyewe, hata kama shamba lilikuwa lake kweli. Shangazi ni binti wa Machame kama mimi. Kidole chake kilibaki juu ya kipanya, hakikushuka.

Hapo mlango ukagongwa. Mjomba Eliezeri akaingia, kofia mkononi.

"Hodi hapa. Habari za kazi, Mama Calvin?"

"Nzuri, Eliezeri. Karibu," shangazi akajibu bila kugeuka.

Nikamsalimu, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia marahaba, akaniona nimelia, lakini hakuniuliza. Alibaki amesimama.

"Mama Calvin, nimeitwa kule. Wanataka zile barua za mlimani. Simu yangu ya wakati ule ilianguka jabalini, sina hata moja. Nimekuja kuziomba kwako."

Mjomba akaizungusha kofia yake. "Sikuja kukuharibia," akasema. "Kosa langu nitalisema mwenyewe. Nilimwona mgonjwa, nikajua anatakiwa ashuke, nikaambiwa niendelee, nikatii. Yule mgeni angekufa mikononi mwangu kwa sababu ya utii. Nilitakiwa kukataa. Ila nisitwikwe lisilo langu."

Nilimtazama shangazi. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kumkumbatia, vyote pamoja. Ni shangazi yangu, nampenda. Ndiyo maana nilikuwa na hasira kiasi kile.

Aliondoa mkono kwenye kipanya. Akaita, "Elifuraha."

"Abee, Shangazi."

"Ghairi hiyo kanuni. Kisha watumie zile barua kama zilivyo. Jibu langu usiliache."

Nilituma kabla hajamaliza kusema. Kisha shangazi akasimama mbele ya mjomba. "Eliezeri, ulinishauri vyema nikakupuuza. Leo nilikuwa nakaribia kukufanyia baya zaidi, huyu mtoto amenizuia. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe, Mama Calvin," mjomba alisema. "Lakini uwaambie wao ulivyoniambia mimi."

Shangazi akaenda, akawaambia. Nilikuwa nje nikimsubiri, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mjomba Eliezeri alibaki na kibali chake, ila alipewa onyo. Kampuni ya shangazi ilizuiwa kupeleka wageni mlimani kwa msimu mzima. Wapo waliosema mtoto mkaidi ndiye aliyeiponza. Semeni mtakavyo! Shangazi mwenyewe aliwajibu, "Nilijiponza mimi."

Mvua zilipokwisha na kampuni ikafunguliwa, shangazi aliwakusanya wafanyakazi wote ofisini. Mjomba Eliezeri alikaa mbele kabisa. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, maana ilikuwa likizo tena na alikuwa amenirudisha kazini bila kuniambia neno, alisimamisha gari tu getini kwetu akapiga honi.

"Leo tunaweka kanuni ya barua na mafaili," akaanza. "Tunaiweka wakati hakuna anayetuuliza lolote, ili asiwepo wa kusema tunaficha. Matangazo yasikae. Hati za wageni na vyeti vyao vya daktari, tukimalizana nao na muda wa sheria ukipita, tunafuta, maana siri za watu si za kurundika. Mawasiliano ya mlimani yatakaa miaka mingi, kwa sababu yanahusu uhai wa watu. Na jambo lolote likiulizwa, barua zake hazifutwi hata kama muda wake umefika, mpaka liishe."

"Hata kama zinakuumbua, mama?" mpagazi mmoja kijana akauliza, watu wakaguna.

"Hasa zikiniumbua," akajibu. "Nisikilizeni, na wewe Elifuraha usikilize. Kutunza kila kitu ni uvivu. Kufuta kwa utaratibu ni usafi. Lakini kufuta kwa sababu umeulizwa ni uongo, hata ukiuita kanuni. Na anayeamriwa kufanya uongo ana haki ya kukataa, awe mkubwa au mdogo. Heshima haimfungi mtu mdomo mbele ya ubaya."

Akanigeukia. "Na wewe, ukiniona nimegeuka tena, unikatalie."

"Nitakukatalia, Shangazi!" nikasema, haraka mno hata ofisi nzima ikaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Aliniitikia kwa kichwa, akakubali.